Ulilipia Kijerumani, Ukabaki na Deni: 'No Refund' Kwenye Risiti Sio Sheria

Wasee, hii story ya kwenda majuu imetoka kitambo Nairobi. Saa hii inaongelewa hadi mashinani. Tuseme wewe umetoka Lambwe, kule Homa Bay, kati ya milima ya Gwassi na Mbuga ya Ruma. Umemaliza uuguzi, job hakuna. Beshte anakutumia posta kwa WhatsApp: jifunze Kijerumani miezi 3, kazi Ujerumani imehakikishwa, viza juu yetu.

Mathee anakopa kwa chama. Mzae anauza ng'ombe. Wewe unamalizia salio na apu ya mkopo. Unafika shule, unalipa karo yote ya A1 hadi B2 mara moja, unapewa risiti. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna maneno mawili: "No refund".

Miezi 8 baadaye bado uko A2, mwalimu amebadilishwa mara kadhaa, na yule ajenti hashiki simu. Shule inasema pesa hairudi. Chama nacho kinataka chake. Huo ni mfano tu, lakini kama unaishi Kenya, pengine unajua mtu wa aina hiyo.

Hii homa ilitoka wapi?

Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilisaini mkataba wa ajira na uhamiaji huko Berlin, Rais Ruto akiwa na Chansela Olaf Scholz. Hapo hapo habari zikasambaa kwamba Wakenya 250,000 wamepata kazi. Wizara ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha: mkataba hauna idadi yoyote ya kazi. Unafungulia mlango watu wenye ujuzi na lugha, basi. Lakini nambari ikishatoka haikamatiki, na kuna watu walijua kuiuza.

Kijerumani chenyewe si utapeli. Muuguzi kwa kawaida anahitaji B2 ndio akubaliwe kufanya kazi kikamilifu kule. Na kuna shule poa, zinafundisha na watu wanapita. Shida iko kwa vile malipo yamepangwa.

Piga hesabu kabla ulipe

Goethe-Institut, wenye ule mtihani ambao wengi wanafanya, wanakadiria kufika B2 ni vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Chukua hiyo ya chini, 600. Hizo ni saa 450. Miezi 3 ukitoa Jumapili ni kama siku 77. Gawanya: karibu saa 6 darasani kila siku, bila kuugua, bila mazishi nyumbani, bila kukosa nauli. Na hapo hujafanya homework. Shule ikikuambia B2 kwa miezi 3 na masomo ni saa 2 jioni, ishajijibu yenyewe.

Sasa angalia upande wa deni. Tuseme chama kilikupa 60,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Ukikaa miezi 6 ukingoja darasa lianze au ajenti arudi, riba pekee ni 36,000. Shule haijapoteza hata bob. Ilishakula karo yote siku ya kwanza. Kila mwezi wa kuchelewa unalipwa na mathee kule Lambwe, kwa hivyo shule itakimbilia wapi?

Hapo ndio kiini cha hii maneno. Anayeweza kuharibu mambo ndiye ameshika pesa, na asiye na uwezo wa kubadilisha chochote ndiye amebeba hasara.

Sheria inasema nini?

Wengi wakiona "No refund" wanafunga mdomo na kurudi nyumbani. Usifanye hivyo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki kama mtumiaji, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inaenda mbali zaidi. Mtu akikuuzia huduma kwa maelezo ya uongo, unaweza kuvunja mkataba na kudai pesa yako, bora umpe notisi ndani ya mwaka mmoja tangu mkubaliane. Na haki hizo hazifutwi na muhuri wa risiti, hata kama ulisaini.

Kwa hivyo ile posta ya "kazi imehakikishwa" ni ushahidi. Piga screenshot. Weka meseji za M-Pesa, voice note za ajenti, ratiba waliyokupa na siku ambazo mwalimu hakutokea.

Ukishaandika notisi na wakanyamaza, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza madai hadi shilingi milioni 1, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60. Karo ya lugha inaingia hapo vizuri.

Lakini tuwe wakweli. Kama ulisoma A1 yote, mwalimu alifika na ukapita, hiyo pesa imefanya kazi. Ukiamua tu umechoka, usitarajie kurudishiwa kila kitu. Shule inalipa rent na walimu. Haki ni kudai kile ambacho hukupewa: viwango ambavyo havijaanza, pesa ya viza ambayo hakuna mtu aliyoishughulikia.

Tusirudie ya Uasin Gishu

Mnakumbuka ule mpango wa masomo ya Finland na Canada? Wazazi walilipa kupitia kaunti, watoto wengine hawakusafiri, na kufika 2023 watu walikuwa barabarani Eldoret wakidai pesa zao, kisha kesi ikaingia kortini. Hiyo ilikuwa pesa iliyopitia serikali ya kaunti. Sasa ile uliyotuma kwa namba ya simu ya ajenti, utaifuata kwa ofisi gani?

Ndio maana wakati wa kuongea kuhusu kurudishiwa pesa ni kabla ya kutoa. Lipa kiwango kimoja kimoja: A1 kwanza, ukipita uende A2. Taka karo, pesa ya mtihani na pesa ya viza ziandikwe kando. Taka waandike unarudishiwa ngapi ukiacha kabla ya darasa kuanza, na ngapi ukiacha katikati. Uliza kama wana leseni ya TVETA ya kufundisha, na kama wanaahidi kazi, uliza usajili wao kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Na usiwaachie pasipoti wala vyeti orijino kama dhamana ya karo. Pasipoti ni mali ya serikali, sio rehani.

Serikali nayo isijifiche nyuma ya mkataba wa Berlin. Kama inatuma vijana wajifunze lugha, basi ishurutishe kila shule kuwa na sera ya kurudisha pesa ndio ipewe leseni. Shule poa hazitaogopa hiyo sheria. Zingine zitahama usiku.

Kwa sasa, kabla ng'ombe atoke zizini, muulize huyo wa posta swali moja: nisipopata hiyo kazi, nani analipa deni? Akianza kuzunguka, jibu unalo.