Kwa nini Marekani haipigi marufuku bunduki yakaisha?

Kila taarifa ya habari inapotaja watu kuuawa kwa risasi shuleni, kanisani au dukani huko Marekani, simu ya studio hujaa ujumbe. Karibu wote huuliza jambo moja: nchi tajiri kiasi kile, yenye polisi na kamera kila kona, inashindwaje kupiga marufuku bunduki yakaisha? Wapo wanaouliza kwa huruma tu. Wapo wenye mtoto anayesoma Texas au shemeji aliyepata viza ya bahati nasibu akahamia Minnesota, na hao huuliza kwa hofu. Dakika tatu za hewani hazitoshi kulijibu swali hili, kwa hiyo tumeliandika hapa mlisome taratibu.

Tuanze na hesabu, maana wengi wetu hatuna picha ya wingi wa silaha zilizopo kule. Utafiti wa shirika la Small Arms Survey la Geneva ulikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Marekani walikuwa na bunduki zipatazo milioni 393. Wakati huo watu wote wa nchi ile walikuwa kama milioni 326. Yaani ukimpa kila mtu bunduki moja, kuanzia mtoto mchanga hadi bibi kizee, bado zitabaki zaidi ya milioni 60 zisizo na mtu wa kuzishika. Kwetu sisi watu wengi wanaijua bunduki ya askari, ya mlinzi wa benki, na pengine gobore la mwindaji. Kule inauzwa dukani pamoja na mahema na ndoano za kuvulia samaki. Hata serikali ikisimamisha mauzo kesho asubuhi, zile milioni 393 zitakuwa bado ziko majumbani.

Jambo la pili ambalo hatulisikii sana kwenye habari ni kwamba mashambulizi haya makubwa ni sehemu ndogo ya vifo vyenyewe. Mwaka 2021 zaidi ya watu 48,000 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Waliobaki wengi waliuawa mmoja mmoja, katika ugomvi wa nyumbani, ujambazi au visasi vya mitaani. Lakini mtu anayejiua chumbani kwake hatangazwi duniani, na bunge haliitishwi kwa ajili yake.

Msikilizaji mmoja aliwahi kulalamika kwamba redio moja inasema mashambulizi ni 600 kwa mwaka na nyingine inasema hayafiki hata 10. Zote zinaweza kuwa sahihi. Taasisi ya Gun Violence Archive huhesabu tukio lolote ambalo watu wanne au zaidi wamepigwa risasi, hata kama hakuna aliyekufa, na kwa hesabu hiyo kulikuwa na matukio zaidi ya 600 kila mwaka kuanzia 2020 hadi 2023. Wengine huhesabu pale tu watu wanne au zaidi wanapouawa mahali pa umma na mtu asiyewafahamu. Kwa hiyo ukisikia tarakimu, uliza kwanza wamehesabu nini. Wanasiasa wa pande zote mbili huchagua ile inayowafaa.

Sentensi moja ya mwaka 1791

Mzizi wa ubishi uko kwenye Katiba. Marekebisho ya Pili, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, ni sentensi moja tu: inataja umuhimu wa jeshi la mgambo lenye utaratibu kwa usalama wa dola huru, kisha inasema haki ya wananchi kumiliki na kubeba silaha isivunjwe. Wamarekani wamebishana kwa vizazi kama haki hiyo ni ya mgambo au ya kila mtu binafsi. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba ni haki ya mtu binafsi kuwa na silaha nyumbani kwake kwa ajili ya kujilinda. Kesi hiyo inaitwa Heller.

Kwa hiyo jibu fupi la swali lenu ni hili: kupiga marufuku bunduki zote hakuwezekani bila kubadili Katiba au mahakama yenyewe kugeuza msimamo wake. Na kubadili Katiba ya Marekani kunahitaji theluthi mbili ya mabaraza yote mawili ya bunge, kisha majimbo 38 kati ya 50 yakubali. Sioni hilo likitokea katika maisha yangu.

Mwaka 2022 mahakama hiyo iliongeza uzito katika kesi ya Bruen. Ilisema sheria ya silaha, ili isimame, lazima ifanane na desturi za udhibiti wa silaha za enzi za kale za taifa hilo. Majaji wa chini wakaanza kupekua sheria za karne ya 18 ili kujua kama sheria ya leo inafaa. Ikafika mahali mahakama moja ya rufaa ikasema hata mwanamume aliyewekewa zuio la mahakama kwa kumpiga mwenzi wake hawezi kunyang'anywa silaha, kwa kuwa zamani hapakuwa na sheria ya namna hiyo. Mahakama ya Juu ililisahihisha hilo Juni 2024, majaji wanane dhidi ya mmoja: mtu aliyethibitika kuwa hatari kwa mwingine anaweza kuzuiwa.

Mwezi huohuo ikatoka hukumu nyingine iliyowashangaza wengi. Oktoba 2017, mtu mmoja aliyekuwa kwenye ghorofa ya hoteli huko Las Vegas aliwamiminia risasi watu waliokuwa kwenye tamasha la muziki, na waliokufa walifikia 60. Alitumia kifaa kinachofungwa kwenye kitako cha bunduki, kinachoifanya itoe risasi mfululizo karibu kama ya kivita. Serikali ya Rais Donald Trump ilikipiga marufuku. Mahakama ikaifuta marufuku hiyo. Haikutumia Katiba. Ilisema kwamba sheria iliyotungwa na bunge inaeleza bunduki ya mfululizo kuwa ile inayotoa risasi nyingi kwa kuvuta kifyatulio mara moja, na kifaa kile hakifanyi hivyo. Bunge likitaka linaweza kuandika sheria mpya. Hapo tunafika kwenye kikwazo kingine.

Kura 54 zilizoshindwa na 46

Desemba 14, 2012, kijana wa miaka 20 aliingia Shule ya Msingi Sandy Hook, jimbo la Connecticut, akaua watoto 20 wa miaka sita na saba, na watu wazima sita. Wengi waliamini kwamba hapo sasa nchi itabadilika. Maseneta wawili, Joe Manchin wa Democratic na Pat Toomey wa Republican, walileta pendekezo la wastani kabisa: kwamba hata mtu anayeuza bunduki kwenye maonyesho au kupitia intaneti amkague mnunuzi, kama maduka yenye leseni yanavyotakiwa. Ukaguzi wenyewe ni kuangalia kama mnunuzi ana rekodi ya jinai au sababu nyingine ya kisheria inayomzuia.

Aprili 17, 2013, maseneta 54 waliunga mkono na 46 walikataa. Pendekezo likafa. Kwa kanuni za Baraza la Seneti, jambo lenye upinzani linahitaji kura 60 ili lisonge mbele. Isitoshe kila jimbo lina maseneta wawili, liwe kubwa au dogo: Wyoming yenye watu wasiofika laki sita ina kura sawa na California yenye milioni 39 hivi. Majimbo madogo ya mashambani, ambako bunduki iko katika nyumba nyingi, yana sauti kubwa kuliko idadi ya watu wake. Ongeza hapo chama cha wenye bunduki, NRA, kilichoanzishwa mwaka 1871, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikimpa kila mwanasiasa alama kulingana na kura zake. Mwenye alama mbaya alijua yatakayomkuta kwenye kura za maoni za chama chake.

Lakini si haki kusema kila anayepinga ni mtu wa NRA. Hapa ndipo nadhani sisi wa vijijini tunaweza kuwaelewa kuliko watu wa mjini. Mkulima wa Montana anaishi mbali na jirani, na polisi wakiitwa wanaweza kuchukua saa nzima kufika. Bunduki kwake ni ya kulinda mifugo na nyumba. Wanaokumbuka jinsi sungusungu walivyoanza Usukumani na Unyamwezini miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na askari wakawa mbali, wanajua hali hiyo inavyomfanya mtu afikiri. Mkulima huyo anaona sheria mpya inamgusa yeye asiye na kosa, huku jambazi wa Chicago akinunua yake gizani.

Hoja yao nyingine, kwamba mtu mwema mwenye bunduki ndiye dawa ya mtu mbaya mwenye bunduki, ndiyo inayonishinda kuikubali. Mei 24, 2022, huko Uvalde, Texas, kijana wa miaka 18 aliyekuwa amenunua bunduki kihalali siku chache baada ya kutimiza umri aliua wanafunzi 19 na walimu wawili. Kamati ya bunge la jimbo iligundua kwamba askari 376 wa vikosi mbalimbali walifika pale. Ilichukua zaidi ya dakika 70 kabla hawajaingia darasani. Wazazi walikuwa nje wakilia.

Waliojaribu njia nyingine

Australia hutajwa kila mara. Aprili 1996 mtu mmoja aliua watu 35 huko Port Arthur, Tasmania. Waziri Mkuu John Howard, mhafidhina ambaye wapiga kura wake wengi walikuwa wakulima wenye bunduki, alikubaliana na majimbo yote ndani ya siku 12: bunduki nyingi za nusu otomatiki zikapigwa marufuku, kila silaha ikasajiliwa, na serikali ikanunua na kuharibu takriban bunduki 650,000, kwa fedha za kodi maalumu ya mara moja. Alikwenda kuhutubia wakulima wenye hasira akiwa amevaa fulana ya kuzuia risasi chini ya koti. New Zealand ilifuata njia hiyo baada ya waumini 51 kuuawa misikitini Christchurch Machi 2019. Bunge lilipitisha sheria kwa kura 119 dhidi ya moja, chini ya mwezi mmoja baada ya shambulio.

Nchi hizo mbili hazina Marekebisho ya Pili, wala hazikuwa na bunduki nyingi kuliko watu. Na sheria yao si chanjo. Desemba 2025 watu 15 waliuawa ufukweni Bondi, Sydney, na mmoja wa washambuliaji alikuwa na leseni ya silaha. Serikali ikatangaza tena mpango wa kununua bunduki kutoka kwa raia. Hata hivyo, kwa takriban miaka 30 katikati, mashambulizi makubwa yalikuwa machache mno ukilinganisha na Marekani.

Ndani ya Marekani kwenyewe kuna yaliyobadilika kimyakimya. Baada ya watu 17 kuuawa shuleni Parkland Februari 2018, jimbo la Florida, likiongozwa na gavana wa Republican, lilipandisha umri wa kununua bunduki yoyote hadi miaka 21, na likapitisha sheria inayoitwa ya bendera nyekundu. Maana yake: polisi wakipata taarifa kwamba mtu anatishia kujiua au kuua, wanakwenda kwa jaji, na jaji anaweza kuamuru silaha zake zichukuliwe kwa muda. Mwezi mmoja baada ya Uvalde, bunge la taifa nalo lilipitisha sheria ya kwanza kubwa ya silaha kwa karibu miaka 30. Inawakagua zaidi wanunuzi walio chini ya miaka 21 na kutoa fedha kwa majimbo yenye mipango kama hiyo.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kazi ya maana, kuliko kelele za kupiga marufuku kila kitu. Wachunguzi wa idara ya Secret Service waliopitia mashambulizi ya shuleni walikuta mambo mawili yakijirudia. Mara nyingi mshambuliaji alikuwa amemdokeza mtu nia yake. Na mara nyingi bunduki ilitoka nyumbani kwake au kwa ndugu wa karibu.

Kesi ya Oxford, Michigan, inaonyesha yote mawili. Novemba 2021 baba alimnunulia kijana wake wa miaka 15 bastola. Siku nne baadaye walimu waliona mchoro wa bunduki na mtu anayevuja damu kwenye karatasi yake, wakawaita wazazi. Wazazi hawakuondoka naye, na hakuna aliyefungua begi. Muda mfupi baadaye wanafunzi wanne walikuwa wamekufa. Mwaka 2024 baba na mama walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, na kila mmoja akahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Kabla yao hakuna wazazi Marekani waliowahi kuhukumiwa kwa kosa hilo kutokana na shambulio la shuleni lililofanywa na mtoto wao.

Kwa mnaotuma watoto huko, au mlio na wajukuu wanaokulia kule: mtoto akiwaambia darasani wamefundishwa kuzima taa, kufunga mlango na kukaa kimya, msishtuke, ni mazoezi ya kawaida ya shule za kule. Na kabla hajaenda kulala kwa rafiki au kukaa kwa mwenyeji, mwambieni aulize, au muulize wenyewe kwa simu, kama nyumba ile ina bunduki na kama imefungiwa kabatini na risasi zimewekwa mbali nayo. Mama na baba wengi wa Kimarekani huulizana swali hilo siku hizi.