Kasi ya treni haianzi kwenye upana wa reli

Kila linapozuka suala la reli za kwetu Afrika Mashariki, sisi tulio ughaibuni huwa wepesi wa kutoa mifano. Aliyepanda treni za Ufaransa atazisifu za Ufaransa, na aliyebahatika kufika Japani humaliza mjadala kwa neno moja tu: Shinkansen. Kisha hukumu hufuata. Reli ya zamani, ile nyembamba, ni chuma chakavu. Haina kasi, haina faida, na dawa yake ni kung'olewa. Wengi walioko nyumbani nao wameipokea hukumu hiyo bila ya kuihoji.

Sisi tunaona hukumu hiyo ina kasoro, na ushahidi wa kasoro yenyewe uko huko huko Japani. Kabla ya Shinkansen kulikuwa na treni nyingine ya umeme, mali ya kampuni binafsi, iliyokimbia juu ya reli nyembamba na kuvunja rekodi ya dunia. Habari zake hazisimuliwi sana kwetu, na leo tumeona tuzieleze kwa kirefu, kwani ndani yake mna jambo linalotuhusu.

Kampuni yenyewe inaitwa Odakyu. Reli yake kuu ilifunguliwa mwaka 1927, kutoka Shinjuku mjini Tokyo hadi mji wa Odawara, mwendo wa kilomita 82.5. Mbele ya Odawara kuna milima ya Hakone, yenye chemchemi za maji ya moto, ambako wakazi wa Tokyo hupenda kwenda kupumzika. Kwa safari hizo Odakyu ina treni zake maalumu ziitwazo Romancecar. Wajapani huziita treni za namna hii tokkyu: husimama stesheni chache tu, kila abiria ana kiti chake, na hulipa tiketi ya nyongeza juu ya nauli ya kawaida. Kampuni nyingine kubwa za binafsi zina treni kama hizo, mfano Kintetsu baina ya Osaka na Nagoya, na Tobu inayopeleka watu Nikko.

Mwaka 1948, vita vikiwa vimekwisha miaka mitatu tu nyuma na nchi ikiwa bado maskini, wakuu wa Odakyu walijiwekea lengo: treni ifike Odawara kutoka Shinjuku kwa dakika 60. Fedha za kujenga reli mpya hawakuwa nazo. Reli waliyokuwa nayo ilikuwa ya upana wa milimita 1067, ambao Japani ilianza nao mwaka 1872 kwa msaada wa wahandisi wa Kiingereza. Yaani nao walikuwa na reli nyembamba iliyopimwa na wageni. Tofauti ni kwamba wao waliuliza swali jingine. Badala ya kuuliza nani atawajengea reli pana, waliuliza treni yao ina uzito gani, na kwa nini.

Risaburo Yamamoto, mmoja wa wakurugenzi wa Odakyu, alikwenda kuomba msaada kwenye taasisi ya utafiti ya Shirika la Reli la Taifa, ambalo kibiashara lilikuwa mshindani wake. Huko alikuwako mhandisi Tadanao Miki, aliyekuwa mbunifu wa ndege za kivita za jeshi la majini, na mwenzake Tadashi Matsudaira, ambaye wakati wa vita alichunguza mitikisiko ya ndege. Vita vilipokwisha na Japani ikakatazwa kuunda ndege, wataalamu wengi wa aina hii waliingia kwenye reli na ujuzi wao kichwani. Waliitazama treni kama fundi wa ndege anavyoitazama ndege: kila kilo isiyo na kazi iondolewe, na upepo usipewe mahali pa kushika.

Matokeo yake yalikuwa treni iliyopewa jina la 3000 SE, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1957. Ilikuwa na mabehewa manane mafupi, na treni nzima haikufika tani 150. Mabehewa mawili jirani hayakuwa kila moja na magurudumu yake mwishoni, bali yalikalia pamoja seti moja ya magurudumu iliyokuwa katikati yao. Hivyo uzito ukapungua na mtikisiko kwenye kona ukapungua pia. Haikuvutwa na kichwa kizito, bali mota za umeme ziligawanywa chini ya mabehewa. Pua yake ilichongwa kwa kupimwa kwenye chumba cha upepo, na breki zake zilikuwa za diski. Wakati huo treni za masafa marefu za serikali zilikuwa bado zinavutwa na vichwa.

Lakini treni ya kasi inahitaji mahali pa kujaribiwa, na njia ya Odakyu ina kona nyingi. Hapo ndipo lilipofanyika jambo ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko treni yenyewe: Shirika la Reli la Taifa lilikubali treni ya kampuni binafsi ipite juu ya reli yake kuu ya Tokaido, wahandisi wa pande zote mbili wapime pamoja, na matokeo yawe ya wote. Tarehe 27 Septemba 1957, SE ilifika kilomita 145 kwa saa. Hiyo ilikuwa rekodi ya dunia kwa reli nyembamba. Mwaka uliofuata chama cha wapenzi wa reli nchini humo kilianzisha tuzo ya kila mwaka iitwayo Blue Ribbon, na SE ikawa ya kwanza kuipata.

Shirika la taifa halikuondoka mikono mitupu. Novemba 1958 lilianzisha treni yake ya umeme ya Kodama baina ya Tokyo na Osaka, ikiwa na mota chini ya mabehewa, na mwaka 1959 treni ya aina hiyo ikafika kilomita 163 kwa saa katika majaribio, juu ya reli ile ile nyembamba. Tarehe 1 Oktoba 1964 Shinkansen ikafunguliwa, na kasi yake ilikuwa kilomita 210 kwa saa. Miki na Matsudaira wote wawili walishiriki kuiandaa. Kwa hiyo anayeitaja Shinkansen kama ushahidi kwamba reli nyembamba haina maana, anamtaja mtoto ili kumkana mzazi.

Atatokea msomaji wa kutuuliza: kama reli nyembamba inatosha, mbona Wajapani wenyewe waliijenga Shinkansen juu ya reli pana ya milimita 1435? Swali ni la haki. Reli ya zamani ya Tokaido ilikuwa imejaa treni za abiria na za mizigo hadi haina nafasi, na kona zake hazikuruhusu kasi waliyoitaka. Reli mpya ilihitajika na ikajengwa, sehemu kwa mkopo wa dola milioni 80 kutoka Benki ya Dunia. Sisi hatusemi reli pana haina kazi. Tunachosema ni kwamba Wajapani walipoingia kwenye gharama hiyo walikuwa tayari wanajua wanachokifanya, na walikijulia kwenye reli nyembamba, kwa wahandisi wao wenyewe.

Wala hatutaki kuipamba Odakyu kupita kiasi. Zile kilomita 145 zilikuwa za siku ya majaribio. Ikibeba abiria kwenye njia yake ilikwenda polepole zaidi. Na lile lengo la dakika 60 halikufikiwa na SE. Halikufikiwa pia na treni zilizoifuata, hata ile ya mwaka 1963 ambayo dereva alipandishwa chumba cha juu ili abiria wakae mbele kabisa na kuitazama njia. Ilikuwaje? Treni ilikuwa nyepesi na mota zilikuwa na nguvu, lakini mbele yake kulikuwa na treni za kawaida zilizobeba wafanyakazi wa Tokyo, zikisimama kila stesheni, na njia ilikuwa mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Hata ukiwa na treni ya namna gani, huwezi kumruka aliye mbele yako.

Dawa ilikuwa kuongeza njia ziwe nne karibu na Tokyo. Mpango huo ulipitishwa mwaka 1964. Ulikwama kwenye bei ya ardhi na kwenye malalamiko ya wakazi waliochoshwa na kelele za treni, ambao walikwenda mahakamani. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Juu ya Japani ilitoa uamuzi uliopanua haki ya wakazi wa jirani kuupinga mradi wa namna hiyo mahakamani. Sehemu ya njia ilizamishwa chini ya ardhi mwaka 2013 katika mtaa wa Shimokitazawa, na njia nne zikakamilika Machi 2018. Ndipo Romancecar ilipotoka Shinjuku na kufika Odawara kwa dakika 59. Ni miaka 70 tangu lengo liwekwe! Kampuni haikulitupa na haikubadilisha kipimo chake ili ijisifu mapema. Na ile SE iliyokusudiwa kuishi miaka 10 hivi ilifanya kazi hadi mwaka 1992. Mabehewa yake yaliyohifadhiwa yako kwenye makumbusho ya Romancecar yaliyofunguliwa mjini Ebina Aprili 2021.

Sasa tuje kwetu. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ina upana wa milimita 1067, sawasawa na ile ya Odakyu. Hatusemi kwamba kesho itakimbia kilomita 145 kwa saa. Ni njia moja tu, inapita milimani, na treni zake ni za dizeli. Tunasema tu kwamba upana wake haujawahi kuwa ugonjwa wake. Ugonjwa wa reli hii ni matengenezo yaliyoachwa, vichwa vichache, na njia za kupishania zisizotosha. Haya ni mambo yanayopimika na kutibika, na mwenye kusema "ni nyembamba, basi" anajiondolea kazi ya kuyapima.

Septemba 2024, mjini Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua TAZARA, na mwaka 2025 ukafuata mkataba wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya Kichina. Huko Tanzania kwenyewe, reli mpya ya SGR ya umeme imekuwa ikibeba abiria baina ya Dar es Salaam na Dodoma tangu mwaka 2024, na zile treni zenye pua kali ambazo wananchi wamezibatiza jina la Mchongoko ziliingia kazini Novemba mwaka huo. Tunaipongeza kazi hiyo. Mtu aliyekuwa akilala njiani na sasa anafika Dodoma siku hiyo hiyo hahitaji kuelezwa thamani yake.

Lakini wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Tunayoyauliza sisi ni haya. Ni wahandisi wangapi vijana wa Kitanzania na Kizambia watakaoingia kwenye karakana za Dar es Salaam na Mpika ukarabati utakapokuwa unaendelea, si kubeba vifaa bali kushika michoro? Vipimo vya njia, vya mitikisiko na vya ucheleweshaji vitabaki mikononi mwa mkandarasi, au vitafika kwenye Chuo cha Reli Tabora na vyuo vikuu vyetu? Na wanaoendesha SGR na wanaoendesha reli za zamani, je, watakaa meza moja na kupeana wanachokijua, kama walivyokaa Odakyu na shirika la taifa ambao walikuwa washindani?

Maswali haya si ya kuwachokoza viongozi. Mchongoko zimeundwa Korea Kusini, na hakuna aibu katika kununua. Aibu itakuja ikiwa baada ya miaka 30, treni hizo zitakapochakaa, tutakuwa tunauliza tena nani atatuuzia nyingine, bila ya mtu wetu hata mmoja kujua kwa nini hizi zilikuwa na uzito ule na breki zile. Odakyu walikuwa na reli nyembamba, mfuko mtupu na mashaka ya wakubwa. Walichokuwa nacho ni watu waliojua kupima na waliokubali kupimwa.

Na sisi wa ughaibuni tuna la kufanya zaidi ya kupeleka picha za treni za watu nyumbani. Miongoni mwetu wamo mafundi umeme, wahandisi, wapanga ratiba na madereva wanaofanya kazi kwenye reli za Ulaya, za Ghuba na za Marekani. Ujuzi wao ni sehemu ya mtaji wa nchi zetu, na wakiitwa tunaamini watakuja. Waitwe basi mapema, wakati mataruma ya TAZARA yanabadilishwa, wasingoje kuitwa kwenye sherehe ya kukata utepe.