Kasuku Achaguaye Chakula: Shibe si Siha



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Wapenzi wasomaji, swali la juma hili limetoka kwa familia inayofuga kasuku wa kijivu. Wanasema ndege wao hataki ila mbegu za alizeti na karanga. Akiwekewa mboga huzitupa chini. Wanauliza: tumshindishe na njaa mpaka azile, au tumwache na akipendacho? Tunaliona swali hili kuwa zito, kwa kuwa linagusa haki ya kiumbe asiyeweza kujisemea.

Tuanze na msingi. Ulamaa wamechukua dalili katika Hadithi ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (r.a.), aliyekuwa na kidege akikichezea, kwamba kufuga ndege kunajuzu maadamu analishwa na hateswi. Na katika Hadithi aliyoipokea Ibn Umar (r.a.), waliyoithibitisha Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametueleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hadi akafa: hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Zingatieni kwamba lawama imekusanya mawili, kufungia na kutolisha. Mnyama aliye huru hujitafutia mwenyewe; aliyefungiwa hana riziki ila ile inayopitia mkononi mwa aliyemfungia. Kwa hiyo anayefunga mlango wa tundu amejitwika amana ya kujua nini kinamfaa aliyemo ndani.

Kasuku wa msituni, huko Kongo na Uganda, hula matunda ya michikichi, matunda mwitu, mbegu na majani, na huruka masafa marefu kila siku. Mafuta anayoyala huyatumia. Wa tunduni hukaa kijitini kutwa nzima. Alizeti na karanga zina mafuta mengi, lakini zimepungukiwa mno na vitamini A na madini ya kalsiamu. Madhara yake huja taratibu: ini hujaa mafuta, mishipa ya damu huziba, koo na njia za pumzi hushambuliwa na maradhi. Kasuku wa kijivu hasa, kalsiamu ikipungua mwilini, huweza kushikwa na degedege na kuanguka. Karanga zilizoota ukungu nazo huwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini. Ndege huyu ana uwezo wa kuishi miaka 40 na zaidi, lakini wengi hufa mapema huku bakuli limejaa na wenyewe wakidhani wamemtendea wema. Tena ndege huficha ugonjwa wake. Tumewafundisha kasuku wetu kuitikia salamu, lakini hawawezi kutuambia kwamba wanaumwa.

Kwa nini basi anakataa mboga? Kasuku hujifunza chakula kwa kuwatazama wenzake, na kisichojulikana hukiogopa, kwani msituni huenda kikawa sumu. Aliyelelewa kwa alizeti hajui kwamba karoti ni chakula. Mazoea yana taabu, wamesema wahenga, na dawa yake ni subira.

Tunashauri hatua hizi. Kwanza, apelekwe kwa daktari wa mifugo, kisha apimwe uzito kila asubuhi kabla ya kula, kwa mizani ya jikoni inayoonyesha gramu. Kasuku wa kijivu aghalabu huwa na gramu 400 hadi 500.

Pili, mboga zitangulie asubuhi, wakati ana njaa ya usiku. Zinazofaa ni karoti, boga, viazi vitamu vya rangi ya machungwa vilivyochemshwa, sukuma wiki, majani ya mlonge, na pilipili, kwani ukali wake hausikii. Ziondolewe baada ya muda wa saa mbili hivi, zisije zikachacha, kisha apewe fungu la mbegu lililopimwa. Fungu hilo lipunguzwe kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Penye chakula maalumu cha kasuku kitokacho kiwandani, nacho kiingizwe kwa utaratibu huo huo.

Tatu, mboga zikatwe ndogo sana na kuchanganywa na mbegu, ili asiweze kuchambua pasipo kuzionja. Jani lililoloweshwa maji likining'inizwa tunduni, huenda akalichezea kwanza na kulila baadaye.

Nne, familia ile mbele yake. Kwake yeye, ninyi ndio kundi lake. Mtoto akitafuna karoti kwa furaha karibu na tundu, amesomesha kuliko bakuli lililojaa.

Tano, alizeti isipigwe marufuku. Igeuzwe tunzo, punje moja moja kutoka mkononi. Na bakuli likaguliwe, kwani maganda matupu juu yake humdanganya mtu kuwa chakula kipo. Vilevile apate jua la asubuhi, lisilopitia kioo, ili mwili uweze kuitumia kalsiamu.

Ama kumshindisha na njaa, hilo halifai. Ndege hana akiba kubwa mwilini, na wapo wanaokufa kabla ya kukubali chakula kigeni. Uzito ukipungua sehemu moja ya kumi, kwa mfano kutoka gramu 450 hadi 405, arudishiwe mara moja chakula alichokizoea na apelekwe kwa daktari. Na vipo asivyopaswa kupewa kabisa, hata akiviomba: parachichi, chokoleti, chai, kahawa, vyakula vya chumvi nyingi na maharage yasiyopikwa.

Jibu letu kwa familia hii, basi, ni kwamba yote mawili waliyouliza yana dhulma ndani yake. Kumwacha na akipendacho ni kumpoteza polepole, na kumnyima ni kumpoteza haraka. Haki yake imo katikati, katika kazi ndogo ya kila siku ya kupima, kukata na kungoja. Wazazi wampe mtoto mmoja zamu ya mizani na mwingine zamu ya mboga, ili wajue mapema kwamba aliye dhaifu nyumbani ana haki juu yao. Huenda miezi ikapita kabla ya kasuku kumeza kipande cha kwanza cha boga. Wasikate tamaa.

Tunamwomba Allah (s.w.) atuwezeshe kutekeleza amana tulizozibeba, kubwa na ndogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.