Eti Imezeeka

Niliuza makala mawili ndiyo nikapata pesa ya kuongeza RAM kwenye laptopu yangu kuukuu. Kuiwasha: kioo cheusi, feni inazunguka tu. Fundi wa hapa Kericho hata hakuifungua. "Hii imezeeka, nunua ingine."

Wapi! Nilikuwa nimeuziwa DDR3 ya volti 1.5, na yangu inataka DDR3L, volti 1.35. Zinafanana, basi nani aulize? Nikabadilisha, ikawaka. Lakini kati ya GB 8, ikatumia 3 na kitu: Windows ya biti 32 haivuki 4. Nikaweka ya biti 64.

Uzee uko wapi hapo? Huku kwetu mchai mzee unapogolewa, unachipuka. Nyinyi mafundi mnang'oa tu. Na mia tano ya "kuiangalia" alichukua.