Sake Ghali Iache Hotelini, Kwenye Treni Beba Kikombe

Wadau, leo nina neno na wale mnaopanga safari ya Japani, na wale mnaoota tu, maana kuota ni bure. Video za treni za kasi za huko sasa zinafanana kama mapacha. Msafiri anaketi dirishani, anafungua chakula alichonunua stesheni, kisha anatoa chupa ya sake ya maelfu ya yeni na kuigeuza polepole ili lebo ionekane vizuri. Picha inatoka safi, sikatai. Ila huo mlo umeharibika kabla haujaanza.

Mimi msimamo wangu ni huu: kwenye treni, sake inayofaa ni ile ya kikombe, ya bei nafuu, iliyotengenezwa kule kule chakula kilikotoka. Ngoja nijieleze kabla hamjanirukia.

Tuanze na chakula chenyewe. Kinaitwa ekiben. Eki ni stesheni, na ben imekatwa kutoka bento, yaani mlo uliopangwa ndani ya sanduku. Simulizi inayojulikana zaidi inasema cha kwanza kiliuzwa stesheni ya Utsunomiya mwaka 1885: matonge mawili ya wali na vipande vya figili iliyotiwa chumvi. Leo kila eneo lina chake. Sendai utapata ulimi wa ng'ombe wa kuchoma juu ya wali wenye shayiri, na kuna sanduku ambalo ukivuta uzi, chokaa na maji hukutana chini yake na chakula kinapata moto hapo hapo kwenye kiti. Toyama wana wali wa siki uliogandamizwa na samaki wa jamii ya samoni, ukafungwa kwa majani ya mianzi ndani ya sanduku la mviringo. Yokohama wana shumai, vile vidonge vya nyama ya nguruwe vilivyofungwa kwa unga na kupikwa kwa mvuke.

Sasa shika hapa. Ukiacha hayo masanduku ya uzi, ekiben nyingi hupikwa ili ziliwe zikiwa baridi. Na chakula kikipoa, ladha yake hufifia. Kwa hiyo mpishi anakaza mkono: sosi ya soya zaidi, sukari kidogo, chumvi, siki. Kiyoken wa Yokohama walianza kuuza shumai zao mwaka 1928 wakiwa na lengo hilo hilo, zibaki tamu hata zikiwa baridi, ndiyo maana waliziongezea kombe wa baharini waliokaushwa. Hii si bahati. Ni upishi unaojua kwamba mlaji yuko safarini.

Sasa weka kando yake ile sake ya bei kali, aina ya daiginjo. Mchele wake umesuguliwa mpaka kila punje imebaki nusu yake au chini ya hapo, na kinywaji kinatoka na harufu laini kama ya tufaha au tikiti. Ni kitu kizuri, manze, sina ugomvi nacho. Lakini kinataka utulivu: bilauri nzuri, samaki mbichi, muda wa kunusa. Ukikipambanisha na ulimi wa ng'ombe uliokolea chumvi, harufu yote inamezwa. Umelipa maelfu ili uonje soya.

Sake ya kawaida aina ya junmai ndiyo inaweza hii kazi. Ndani yake kuna mchele, maji, hamira na koji, basi. Koji ni ukungu unaopandwa kwenye wali ili ugeuze wanga kuwa sukari, kisha hamira inageuza sukari kuwa pombe. Kama umewahi kuona busaa ikitengenezwa, unajua kimea cha wimbi kinafanya kazi hiyo hiyo ya kuvunja wanga. Wajapani wamempa ukungu kazi ambayo sisi tumempa kimea. Matokeo yake ni kinywaji chenye ladha nzito ya kama supu, ambacho hakiogopi chumvi wala siki. Hata kikipata joto la behewa, hakinuni.

Na kikombe? Hapo ndipo historia inanifurahisha. Treni ya kasi kati ya Tokyo na Osaka ilianza tarehe 1 Oktoba 1964. Siku tisa baadaye, tarehe 10, siku ile Olimpiki ilipofunguliwa Tokyo, kampuni ya Ozeki ikatoa sake ndani ya kikombe cha kioo chenye mililita 180, yaani kipimo kimoja cha jadi kinachoitwa gō. Unavuta kifuniko, unakunywa. Huhitaji kifungua chupa wala bilauri, na kinakaa imara kwenye kile kimeza cha kiti. Siku hizi viwanda vidogo vingi vya mikoani navyo vina vikombe vyao, kwa yeni mia kadhaa tu. Hicho ni chombo cha safari. Chupa kubwa ni chombo cha sherehe.

Sheria yangu ya kuoanisha ni moja: kunywa cha kwao. Umenunua ulimi wa ng'ombe Sendai? Tafuta Urakasumi, inatoka Shiogama, mji jirani wa pwani. Umebeba samaki wa Toyama? Chukua Tateyama, sake kavu ya mkoa huo huo, ipite juu ya siki bila kugombana nayo. Watu wa sehemu moja wamekula na kunywa pamoja vizazi na vizazi, na mtengenezaji wa sake anajua jirani yake anapika nini. Kama unataka kujifunza kwanza, shuka Echigo-Yuzawa au Niigata. Ndani ya stesheni hizo kuna Ponshukan, mahali pa kuonja sake za mkoa mzima wa Niigata kutoka kwenye mashine, kikombe kidogo kwa kikombe kidogo. Onja, chagua yako, kisha ndio ununue ya kupanda nayo.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika, "Pombe ni pombe tu, kwani shida iko wapi?" Shida ni kwamba hivi vitu viwili vinapotea pamoja. Unywaji wa sake nchini Japani ulifika kilele miaka ya 1970 na umekuwa ukishuka tangu hapo. Watengenezaji wa ekiben nao wamepungua. Na mwisho wa Oktoba 2023, vitoroli vya kuuza vyakula na vinywaji viliondolewa kwenye treni za kasi za Nozomi na Hikari kati ya Tokyo na Osaka. Wafanyakazi ni haba, na abiria wengi walikuwa tayari wananunua vitu vyao kabla ya kupanda.

Kisa cha Yokokawa ndicho kinachonigusa zaidi. Hii ni stesheni ndogo chini ya mlima mkali wa Usui. Treni zote zilisimama hapo ili ziongezewe injini za kuzisukuma juu, na katika dakika hizo abiria walinunua chakula. Mwaka 1958 kampuni ya Oginoya ikaanza kuuza wali wa moto na kuku, uyoga, machipukizi ya mianzi na yai la kware, ndani ya chungu halisi cha udongo. Chungu hicho kikawa maarufu nchi nzima. Kisha mwaka 1997 reli ya kasi ya Nagano ikafunguliwa na njia ya kupanda Usui ikafungwa. Treni haikuwa na sababu ya kusimama tena. Oginoya walinusurika kwa kuuza kwenye vituo vya barabarani na stesheni nyingine, lakini si wote waliokuwa na bahati hiyo. Sisi tuliozoea basi kusimama Mtito Andei tunaelewa bila kuchorewa: pale gari linaposimama ndipo jiko la mtu huwaka. Kasi ikiondoa kituo, inaondoa na jiko.

Kwa hiyo unapochukua kikombe cha kiwanda kidogo na sanduku la mpishi wa pale pale, hela yako inabaki na watu ambao treni inawapita kwa kilomita zaidi ya 200 kwa saa. Ile chupa ya lebo ya dhahabu itapata mnunuzi hata bila wewe.

Mambo machache ya heshima. Sake ina kilevi cha asilimia 15 au 16, kama mara tatu ya bia ya kawaida, kwa hiyo kikombe kimoja kinatosha mlo mmoja. Umri wa kunywa huko ni miaka 20. Kula na kunywa ni sawa kwenye treni za safari ndefu, lakini kwenye treni za mjini za kwenda kazini, hapana, tulia na njaa yako. Na kama wewe hunywi kwa dini au kwa hiari, sheria inabaki ile ile: reli ya Tokyo kwenda Osaka inapita Shizuoka, mkoa unaojulikana kwa chai ya kijani. Zamani chai iliuzwa kwa abiria ndani ya vibirika vya udongo. Chai hiyo na shumai baridi ni ndoa halali kabisa.

Haya, nimemaliza. Wewe ungebeba nini? Ila ukinijibu kwa picha ya lebo, nitauliza chakula kilitoka stesheni gani.