Kumbukumbu za bisi za zamani zina faida kwa Ituri

Huko Uingereza kuna watu wanaotumia pesa na siku zao za mapumziko kutengeneza bisi za zamani za Leyland, Guy na AEC. Hapa Ngezi, katika mji wa Bunia, hakuna mwenye bisi ya namna hiyo, ila kuna wazee waliozipanda ng'ambo ya Ziwa Albert: Kampala bisi za UTC, Nairobi zile za KBS, kampuni iliyoanza mwaka wa 1934.

Katika mazungumzo yao, jambo linalonigusa ni saa. Unakata tikiti, mzigo unapandishwa juu, na bisi inaondoka kwa saa iliyotangazwa hata kama viti havijajaa.

Leo, ukienda Mahagi kwa barabara ya kitaifa nambari 27, nani atakuambia saa ya kufika? Motari anauliza kwanza habari za njiani. Watu wameuawa na magari kuchomwa kwenye barabara hiyo. Kijana wa miaka 20 anaona safari ni hivyo tu.

Wengine wanasema hizo ni sifa za ukoloni. Ndiyo, ubaguzi ulikuwapo, tena mkali. Lakini UTC na KBS ziliendelea kubeba watu miaka mingi baada ya uhuru.

Redio zetu za Bunia ziwapatie wazee hawa nafasi sasa, wangali hai. Ziwaulize nauli ilikuwa ngapi, nani alitengeneza barabara, na nani aliilinda. Majibu hayo gavana pia ayasikie.