Kopo la Maji ya Vifaranga

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wazazi msomao gazeti letu, naomba nafasi kidogo niseme habari ya kopo.

Likizo iliyopita nilikuwa Hedaru kwa bibi. Kuku wake aliangua vifaranga 11. Mimi, msomi wa sekondari, nikawawekea maji katika bakuli. Asubuhi nikakuta wanne wamekufa majini, na majani niliyowatandikia yameloa yote. Bibi hakunigombeza, alitia mawe katika bakuli akanyamaza. Kunyamaza huko kuliniuma kuliko fimbo.

Mawe yafaa, maana kifaranga hupata pa kusimama. Lakini hunya humo humo, na uchafu pamoja na unyevu ndio njia ya ugonjwa wa kuhara damu. Tena maji ya bibi hubebwa kwa ndoo. Kuyamwaga kila mara ni kumwongezea mtu safari.

Ndipo nikakumbuka somo la fizikia. Nilichukua kopo la maziwa ya unga, nikatoboa tundu moja kwa msumari karibu na mdomo wake. Nikalijaza maji, nikafunika kwa sahani, nikapindua upesi. Maji hutoka mpaka yafunike tundu, kisha hukoma. Vifaranga wanywapo tundu huwa wazi, hewa huingia, na maji mengine hushuka. Ni kama ndiva za huku Upareni, zilimbikizazo maji yakafunguliwa mashambani kwa zamu, ila hii hujifungua yenyewe. Tundu sharti liwe chini kuliko ukingo wa sahani, la sivyo maji yote yatamwagika, kama yangu ya kwanza. Na kati ya kopo na ukingo pasizidi vidole viwili. Makopo ya rangi na ya dawa za wadudu msiyaguse kabisa.

Twajua kuandika katika mtihani kwamba hewa yaweza kushikilia maji ya kimo cha mita 10 hivi, lakini kunywesha kifaranga hatujui! Vya dukani sivikatai, ila hufanya kazi kwa kanuni hii hii, na pesa hiyo yaweza kununua chanjo ya mdondo. Naomba walimu wa fizikia na wa kilimo wapatane, kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza atengeneze kimoja kabla ya kufunga shule, aende nacho nyumbani. Mimi nimekwisha weka makopo matatu chini ya kitanda changu. Kiranja wa bweni tafadhali asiyatupe.